Misimu Minane Kabla ya Pigo Moja

Asubuhi ya tarehe 27 Aprili 2017, siku moja baada ya Sikukuu ya Muungano, nilikuwa nimeketi dirishani ndani ya daladala ya kwenda Posta, nikipitia habari kwenye simu huku kondakta akiita abiria, nilipokutana na jina ambalo sikuwahi kulisikia. Gift Ngoepe, kijana wa miaka 27 kutoka Afrika Kusini, alikuwa ameingia uwanjani mjini Pittsburgh akiwa amevaa jezi ya Pirates, timu ya mji huo, na kwa hatua hizo chache za kutoka benchi hadi katikati ya uwanja akawa mchezaji wa kwanza kutoka bara la Afrika kucheza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Ligi hiyo huhesabu umri wake tangu mwaka 1876. Katika miaka hiyo 141 walikuwa wamepita humo wachezaji zaidi ya 18,000, wakiwamo wa Kuba, Japani, Venezuela, Korea na Jamhuri ya Dominika, na bara letu zima lilikuwa bado linasubiri zamu yake.

Wakati ule sikuwa mpenzi wa besiboli, na huenda ningeipita habari hiyo kama nilivyozipita nyingine, isipokuwa kwa sentensi moja iliyowekwa karibu na mwisho, kama jambo la kupita tu: kwamba kijana huyo alikulia ndani ya jengo la klabu ya besiboli, katika chumba kimoja, kwa sababu mama yake alikuwa ameajiriwa na klabu hiyo kufanya usafi na kupika. Niliisoma sentensi hiyo mara tatu, nikapitilizwa kituo.

Mimi ni mtoto wa mpishi. Mama yangu alipika katika shule ya bweni ya wavulana mkoani Morogoro kwa miaka mingi, na sisi watoto tulilelewa kwenye kota za wafanyakazi, chumba na sebule nyuma ya jiko, mahali ambapo nguo zetu zote zilinuka moshi wa kuni hata zikifuliwa mara mbili. Uwanja wa shule ulianzia hatua chache tu kutoka mlangoni petu, lakini haukuwa wetu. Mtoto wa mfanyakazi hujifunza mapema sana ratiba ya watu wengine. Tulijua wanafunzi wanaingia darasani saa ngapi, wanakula saa ngapi, mlinzi yupi ni mpole na yupi atatufukuza, na katika mianya hiyo midogo ya siku ndimo tulimochezea mpira wetu. Kwa hiyo niliposoma habari ya mtoto aliyelala ndani ya klabu, nilihisi kwamba ninaelewa jambo moja ambalo mwandishi wa habari ile labda hakuliona: kwamba kukaa karibu na uwanja si sawa na kuwa na uwanja, na kwamba mtoto aliye katika hali hiyo huutazama mchezo kwa macho ya aina yake. Tangu siku hiyo nimeifuatilia safari yake kwa bidii ambayo jamaa zangu wengine huishangaa.

Alizaliwa tarehe 18 Januari 1990 katika mji uliokuwa ukiitwa Pietersburg, ambao leo ni Polokwane, siku ishirini na nne kabla ya Nelson Mandela kutoka gerezani. Jina lake la kwanza ni Mpho, neno ambalo katika Kisotho cha Kaskazini lina maana ya zawadi. Kwetu angeitwa Zawadi na pasingekuwa na haja ya kumtafsiria mtu. Mama yake, Maureen, alipata kazi katika klabu ya ridhaa ya Randburg Mets, kaskazini mwa Johannesburg, akapewa chumba humo humo ndani ya jengo la klabu, akaishi hapo na wanawe. Randburg ulikuwa mji wa Wazungu chini ya ubaguzi, na besiboli nchini humo ni mchezo mdogo hata leo, uliofunikwa na soka, raga na kriketi. Mtoto mweusi wa kizazi chake, kama angekuwa na ndoto ya michezo, angeiota kandanda. Lakini Gift akifungua mlango hakuona kandanda. Aliona udongo mwekundu wa besiboli, vituo vyeupe vinne, na watu wazima wakirushiana mpira jioni baada ya kazi, naye akaomba kujiunga.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nitaeleza kidogo tu, kwa sababu bila maelezo haya habari yenyewe haitakaa sawa. Mrushaji husimama umbali wa mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji, akamrushia mpira mgumu wa ngozi kwa kasi ambayo katika ligi kuu hufika au hupita kilomita 150 kwa saa. Mpira huo humfikia mpigaji kwa muda usiozidi nusu sekunde. Katika muda huo mfupi mpigaji anapaswa auone, aamue kama unafaa kupigwa, na aliteremshe gongo lake mahali ambapo mpira utakuwa. Ni kazi ngumu kiasi kwamba mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi huhesabiwa kuwa hodari. Akiupiga mpira ukaingia uwanjani, hukimbilia kituo cha kwanza, mita 27 na nusu hivi kutoka alipo, huku walinzi wakijitahidi kuuokota na kuurusha kituoni kabla hajafika.

Katikati ya kituo cha pili na cha tatu husimama mlinzi ambaye Wamarekani humwita shotistopu, na hiyo ndiyo nafasi ya Ngoepe. Nimetazama picha zake za video mara nyingi, na kila mara ni miguu yake inayonivuta kabla ya mikono. Mpira unapopigwa chini kwa nguvu, ukaruka juu ya nyasi na kugonga udongo, yeye huwa ameshaondoka. Huinama mpaka kiganja cha glavu kikaribie kuigusa ardhi, akaupokea mpira bila kuukamata kwa nguvu, kama mtu anayepokea yai alilotupiwa, na kabla hujatambua kwamba umeingia kwenye glavu, tayari umehamia mkono wa kulia na mkono umeshauachia. Mkimbiaji wa kawaida hufika kituo cha kwanza kwa zaidi kidogo ya sekunde nne. Katika sekunde hizo nne shotistopu lazima afanye yote hayo, na akikosea kwa nusu hatua, kazi yote ni bure. Nadhani umahiri wa namna hii haupatikani kwa mazoezi ya saa mbili kwa wiki. Unapatikana kwa mtoto ambaye wenzake wakishaondoka kwenda makwao yeye bado yupo, kwa sababu kwao ni hapo.

Mwaka 2008 alichaguliwa kwenda Tirrenia, Italia, kwenye chuo ambacho ligi kuu ya Marekani ilikuwa ikiwakusanya vijana wa Ulaya na Afrika ili kuwapima. Mmoja wa walimu huko alikuwa Barry Larkin, aliyecheza nafasi hiyo hiyo ya shotistopu kwa miaka mingi katika timu ya Cincinnati Reds na ambaye baadaye, mwaka 2012, aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Larkin aliiona miguu ile na mikono ile, akavutiwa. Kabla mwaka haujaisha Pirates walimsaini Ngoepe, akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini mkataba wa besiboli ya kulipwa nchini Marekani. Malipo ya kusaini yalikuwa dola 15,000. Kwa familia iliyoishi chumba kimoja hizo ni fedha nyingi; kwa mizani ya mchezo wenyewe, ambamo vijana wenye majina hulipwa mamilioni siku wanayosaini, ni kiasi ambacho timu inaweza kukipoteza bila kujuta. Timu iliyowekeza mamilioni kwa kijana humvumilia akikosea. Kijana wa dola 15,000 havumiliwi hivyo, na kila mwaka lazima aoneshe upya sababu ya kubakizwa.

Machi 2009 aliichezea Afrika Kusini katika mashindano ya dunia huko Mexico City, akiwa na miaka 19, na katika mchezo dhidi ya wenyeji Meksiko alipiga mipira miwili iliyomfikisha kituo cha tatu kila mmoja. Timu yake ilifungwa vibaya siku hiyo, lakini waliomwona hawakumsahau. Baada ya hapo akapelekwa Bradenton, Florida, kuanza ngazi ya chini kabisa.

Katika soka yetu kijana mwenye kipaji anaweza kutoka timu ya mkoa akasajiliwa na Simba au Yanga, na mwezi unaofuata tukamwona Uwanja wa Mkapa. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Kila timu ya ligi kuu inamiliki au inaendesha timu kadhaa za ligi ndogo zilizopangwa kama ngazi, kuanzia ya wanaoanza, kisha A, kisha A ya juu, kisha AA, hadi AAA ambayo ndiyo mlango wa mwisho. Timu hizo ziko katika miji midogo, husafiri kwa mabasi usiku kucha, na mchezaji hupandishwa au kushushwa kwa uamuzi wa ofisi iliyo mbali. Ngoepe alizipanda zote. Bradenton mwaka 2009, State College huko Pennsylvania mwaka 2010, West Virginia mwaka 2011, Bradenton tena mwaka 2012 lakini safari hii katika A ya juu, kisha Altoona kuanzia 2013, kisha Indianapolis. Altoona ni mji wa reli milimani, na kutoka hapo hadi uwanja wa Pirates mjini Pittsburgh ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Yeye ule mwendo wa saa mbili ulimchukua miaka minne.

Lazima niseme habari ya fedha, kwa kuwa wanaosimulia safari za namna hii hupenda kuiruka. Katika miaka ile mchezaji wa ngazi za chini za ligi ndogo alilipwa kama dola 1,100 kwa mwezi, na mshahara huo ulikuja katika miezi ya msimu tu. Mazoezi ya kabla ya msimu hayakulipiwa mshahara. Timu ikiwa safarini alipewa dola 25 kwa siku za chakula, na kwa Marekani fedha hizo humalizika kabla jua halijazama, hivyo wengi waliishi kwa mkate na siagi ya karanga, wakapanga wanne au watano chumba kimoja, wengine wakilala juu ya magodoro ya kujaza upepo. Msimu ukiisha wengi walitafuta kibarua. Mwaka 2022 ligi ilikubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi iliyofunguliwa na wachezaji hao kuhusu mishahara, na mwaka 2023 wakapata kwa mara ya kwanza mkataba wa pamoja kupitia chama chao, uliopandisha mishahara kwa zaidi ya mara mbili katika ngazi nyingi. Nafuu hiyo iliwakuta akina Ngoepe wameshapita. Ninaposikia mtu akisema kwamba vijana hao walikuwa wakilipwa kwa kucheza, namkumbuka mama akisubiri mshahara uliochelewa miezi miwili huku akipikia wavulana mia nne kila siku bila kukosa, na watu wakisema kwamba angalau anaishi bure.

Jambo lililomkwamisha Ngoepe katika ngazi zile halikuwa siri kwa yeyote. Glavu yake ilikuwa ya ligi kuu tangu mapema, na makocha wengi walikiri hivyo. Gongo lake halikuwa hivyo. Wamarekani hupima upigaji kwa kugawa mapigo yaliyofanikiwa kwa idadi ya zamu, na kwa Ngoepe matokeo ya hesabu hiyo, mwaka baada ya mwaka, yalizunguka chini ya robo moja, mara nyingine mbali chini yake. Warushaji wa ngazi za juu waligundua haraka kwamba mipira inayopinda mwishoni humpita. Mtoto wa Santo Domingo au wa California huwa ameshakutana na maelfu ya mipira ya namna hiyo kabla hajafikisha miaka 18. Randburg hapakuwa na watu wa kumrushia. Ulinzi unaweza kujifunza kwa ukuta na mtu mmoja mwenye subira. Upigaji unahitaji adui, tena adui hodari, kila siku. Hilo ni pengo ambalo yeye alilibeba kutoka nyumbani, na alilazimika kulijaza akiwa mtu mzima, mbele ya watu wanaotoza kiingilio.

Mwaka 2013, akiwa ndiyo kwanza amefika Altoona, mama yake aliugua kichomi, akafariki dunia. Akasafiri kwenda kumzika. Aliporudi hakuwa mchezaji yule yule, upigaji wake ukaporomoka, na kabla msimu haujaisha akawa ameshushwa kwa muda hadi Bradenton. Sitajaribu kueleza yaliyokuwa moyoni mwake. Nitasema tu kwamba mimi nikiwa mbali kikazi, kitu ninachokiogopa kuliko vyote ni simu ya alfajiri, na kwamba yeye alipoipokea simu ya namna hiyo kulikuwa na bahari nzima kati yake na kile chumba. Maureen alikuwa amemwona mwanawe akiondoka. Hakuishi kumwona akifika.

Novemba 2015 Pirates walimwingiza katika orodha yao ya wachezaji arobaini, yaani wale ambao wakati wowote wanaweza kuitwa timu kubwa. Msimu mzima wa 2016 alikuwa Indianapolis, simu haikulia. Tena upigaji. Msimu wa 2017 ukaanza naye akiwa Indianapolis bado, na nadhani wengi walikuwa wameshamhesabu kuwa miongoni mwa wale ambao huishia AAA, wakafikisha miaka thelathini, wakarudi nyumbani.

Nafasi ilipofunguka, ilifunguka kwa matatizo ya wengine, kama zinavyofunguka nafasi nyingi kazini. Jung Ho Kang, mchezaji wa Pirates, alikuwa amekwama kwao Korea bila viza ya kazi. Tarehe 18 Aprili mwenzake Starling Marte akafungiwa michezo 80 kwa kutumia dawa iliyokatazwa. Adam Frazier akaumia. Pirates wakabaki na upungufu wa walinzi wa kati, wakamwita yule ambaye hata wasipokuwa na imani na gongo lake, hawakuwa na shaka na mikono yake. Ndiyo maana mimi husema kwamba kilichompeleka juu ni kile alichotoka nacho Randburg. Misimu minane walijaribu kumfundisha kupiga, na siku walipomhitaji walimhitaji kwa ajili ya kuzuia.

Tarehe 26 Aprili, Jumatano usiku, wageni walikuwa Chicago Cubs, mabingwa watetezi. Ngoepe aliingia katika awamu ya nne ya mchezo, akashika ulinzi karibu na kituo cha pili, na muda mfupi baadaye ikafika nafasi yake ya kupiga. Mrushaji wa Cubs alikuwa Jon Lester, mtu wa mkono wa kushoto, mwenye pete tatu za ubingwa, mbili alizozipata na Boston na moja aliyoipata na Cubs miezi sita tu kabla ya hapo. Ningeweza kuelewa kabisa kama kijana yule angetetemeka, akaupiga upepo mara tatu na kurudi benchi. Ndivyo waanzaji wengi hufanya. Nimeitazama video ya zamu hiyo zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Anasimama kimya, magoti yamekunjwa kidogo, gongo likizungukazunguka nyuma ya sikio la kulia. Mpira unakuja, gongo linashuka, na mpira unarudi kule ulikotoka, chini, ukampita mrushaji, ukapenya katikati ya walinzi hadi nyasi za kati. Anakimbia hadi kituo cha kwanza, anasimama juu yake, na uso wake una alama ya mtu ambaye bado hajapata taarifa ya lililotokea. Wenzake benchini wamesimama wote. Pirates walishinda 6 kwa 5.

Nimefanya hesabu ya saa. Pittsburgh wakati huo iko nyuma ya Johannesburg kwa saa sita, na mchezo ulikuwa wa usiku. Kwa hiyo mpira ule ulipopenya katikati, Afrika Kusini ilikuwa imeshavuka usiku wa manane na kuingia tarehe 27 Aprili, Siku ya Uhuru, siku ambayo mwaka 1994 watu wa rangi zote walipiga kura pamoja kwa mara ya kwanza. Katika nchi aliyozaliwa Maureen, mwanamke kama yeye aliruhusiwa kuingia mitaa kama Randburg kwa ajili ya kazi tu. Na timu iliyomvalisha mwanawe jezi ndiyo ile ile ambayo tarehe 1 Septemba 1971 iliingiza uwanjani kikosi cha kwanza katika historia ya ligi kuu kilichokuwa cha wachezaji weusi watupu, Wamarekani weusi na Walatini pamoja, miaka 24 baada ya Jackie Robinson, Mmarekani mweusi wa kwanza katika ligi kuu ya karne ya ishirini, kufungua mlango peke yake mwaka 1947. Hayo hayakupangwa na mtu. Lakini mimi siwezi kuyatenganisha.

Yaliyofuata ni mafupi. Msimu huo alicheza michezo 28, akafanikiwa mara 12 katika zamu 54, yaani 0.222, kisha akarudishwa Indianapolis. Novemba akauzwa kwa Toronto Blue Jays, na mwaka 2018 akawachezea michezo 13 na kufanikiwa mara moja tu katika zamu 18. Hakurudi tena ligi kuu. Alikwenda kuichezea Sydney katika ligi ya Australia, akajaribu tena ngazi za AAA, na jumla yake ya maisha katika ligi kuu ikabaki michezo 41.

Watu wakimzungumzia hupenda kumtolea methali ya mvumilivu hula mbivu, nami kila mara nasita. Tunda alilolila lilikuwa dogo, na aliyestahili kugawiwa kwanza hakuwapo mezani. Wapo pia wanaoitazama ile 0.181 ya jumla na kusema kwamba alishindwa. Hao nawapinga kwa nguvu zaidi. Kwa misimu minane alibaki katika mfumo uliojengwa ili kuwaondoa watu wa aina yake, wasio na fedha za kusaini, wasio na upigaji wa kutisha, walio mbali na nyumbani, na kila mwaka kulikuwa na kijana mwingine aliyesainiwa kwa fedha nyingi akisubiri nafasi yake. Aliyeshika nafasi hiyo kwa mikono miwili na miguu myepesi hajashindwa.

Mdogo wake, Victor, alisainiwa na Pirates hao hao mwaka 2016. Mwaka 2019 Tayler Scott, mrushaji mzaliwa wa Afrika Kusini, aliingia ligi kuu, wa pili kutoka barani. Karibu na kwetu, Waganda ndio walio mbele: vijana wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Kampala kustahili kwenda na kunyimwa viza, na mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasaini Ben Serunkuma na Umar Male. Hapa Dar es Salaam nimewaona wanafunzi wakicheza katika uwanja wa Azania uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na nimekuwa nikisimama nje ya mstari jioni kadhaa nikimtafuta yule anayekaa kati ya kituo cha pili na cha tatu, nione miguu yake.

Mama amestaafu, analima Morogoro. Nilimsimulia habari hii yote kwa simu Jumapili moja, taratibu, nikimweleza na kanuni za mchezo kadiri nilivyoweza. Hakuuliza kuhusu mapigo wala michezo 41. Aliuliza kama kijana yule alikuwa amekula siku ile kabla ya kuingia uwanjani. Nikamwambia kwamba katika ligi kuu wachezaji hupikiwa humo humo ndani ya uwanja, kabla ya mchezo na baada yake, kwamba kila timu ina wapishi wake.

Akanyamaza kidogo.

“Na hao wapishi, mwanangu, wanalala wapi?”

Nikamjibu kwamba wanalala kwao, majumbani mwao.

“Hapo sawa,” akasema, kisha akaanza kunieleza habari za mahindi.